Kompyuta Imesema! Imesema Nini?

Haipiti miezi mitatu bila mtu kunitumia habari ya aina hii: "Umeona? Kompyuta imethibitisha kwamba Einstein alikosea." Naisoma, nanyamaza. Wiki chache baadaye mtu yule yule, bila hata haya, ananitumia nyingine: "Kompyuta imethibitisha kwamba Einstein alikuwa sahihi." Kompyuta gani hiyo, jamani? Iliandikiwa programu na nani? Iliambiwa nini kabla ya kuanza kazi? Hayo hayaulizwi. Ikishatajwa kompyuta basi mjadala umefungwa, kama vile ramli imepigwa na mganga ametoka na jibu.

Leo sinyamazi.

Mimi riziki yangu ni kuandika programu hapa Ukunda: mifumo ya kuweka nafasi za vyumba hotelini, hesabu za maduka, mambo kama hayo. Si mwanafizikia na sitajifanya mwanafizikia. Lakini programu nazijua, na tabia yake ni moja: hufanya ulichoiagiza, haizidishi. Ukiandika kwenye mfumo wa hoteli kwamba chumba kinachotazama bahari bei yake hupanda maradufu mwezi wa Desemba, kisha ukachapisha grafu ukamwonyesha mwenye hoteli jinsi mapato ya Desemba yalivyopaa, hujagundua lolote kuhusu Desemba. Umesoma tu ulichokiandika mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajaifuata kesi yenyewe, iko hivi. Galaksi ni mabilioni ya nyota zinazozunguka pamoja. Kwa kanuni ya mvutano ya Newton, nyota za pembeni kabisa, mbali na kitovu, zinapaswa kwenda polepole, kama vile sayari ya Neptuni inavyojikokota ikilinganishwa na Utaridi. Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walipima miaka ya 1970 wakakuta sivyo: nyota za pembeni zinakimbia karibu sawa na za ndani. Kwa mwendo huo zingekuwa zimechomoka na kutawanyika zamani. Kabla yao, mwaka 1933, Fritz Zwicky alikuwa ameona jambo la namna hiyo katika kundi zima la galaksi liitwalo Coma. Kuna kitu kinazishikilia, na hapo njia zikawa mbili. Ya kwanza inasema kuna maada isiyoonekana, maada nyeusi, ambayo kwa hesabu za leo ni takriban mara 5 ya maada ya kawaida. Ya pili inasema hakuna maada ya ziada. Kanuni ya mvutano ndiyo siyo ile tuliyofundishwa. Mordehai Milgrom wa Israeli aliitoa hoja hiyo mwaka 1983: mvutano ukishuka chini ya kiasi fulani, haupungui tena kwa kasi ile aliyosema Newton. Kiasi chenyewe ni kidogo kupita mawazo. Mvutano unaoangusha dafu pale Diani ni karibu mara bilioni 80 yake. Wazo hilo hujulikana kwa herufi MOND, na baada yake zimekuja nadharia nyingine tele za mvutano mbadala, hasa tangu mwaka 1998 ilipotangazwa kwamba upanukaji wa ulimwengu unazidi kuongeza kasi.

Historia haimpendelei mtu hapa. Urbain Le Verrier wa Ufaransa aliona sayari ya Uranus haiendi inavyotakiwa, akasema kuna kitu hakijaonekana kinachoivuta, akakokotoa kilipo, na mwaka 1846 Neptuni ikaonekana karibu kabisa na alipoelekeza. Baadaye akaona Utaridi nayo ina kasoro ndogo. Akafanya yale yale: kuna sayari iliyojificha karibu na jua. Watu wakaitafuta miongo kadhaa, haikuwepo. Kasoro ile, sekunde 43 za pembe kwa karne, ilielezwa na Einstein mwaka 1915 kwa kanuni mpya ya mvutano. Mtu mmoja, mbinu moja, na majibu mawili tofauti.

Sasa kompyuta inaingiaje? Huwezi kuziweka galaksi mbili mezani uzigonganishe. Basi unaigiza. Unaweka nukta nyingi, kila nukta ikisimama badala ya nyota nyingi au donge la maada. Unaipa programu kanuni ya mvutano. Unaiambia sogeza hatua moja, kokotoa upya, sogeza tena. Huo ndio mwigo wa kompyuta.

Wa kwanza kufanya mwigo wa namna hii hakuwa na kompyuta. Alikuwa Erik Holmberg, kule Lund, Sweden, mwaka 1941. Alichukua balbu 74, 37 kwa kila galaksi. Mwanga wa balbu hupungua kwa mraba wa umbali, na mvutano wa Newton hupungua vivyo hivyo, kwa hiyo alipima mwanga mahali pa kila balbu, akajua ivutwe upande gani, akaisogeza kwa mkono. Akili ya ajabu. Lakini hebu fikiria kidogo: je, kwa balbu zile Holmberg angeweza kugundua kwamba Newton amekosea? Katu. Mwanga haujui kanuni nyingine. Jibu lilikuwa ndani ya balbu kabla hajafunga mapazia.

Balbu zile bado zipo. Siku hizi tunaziita msimbo.

Twende baharini, maana huko watu wetu wamekuwa wakishindana na mvutano tangu kabla Newton hajazaliwa. Mvuvi wa Gazi au Msambweni anajua kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu huja katikati. Mwezi na jua vinaivuta bahari, hilo halina ubishi. Sasa chukua Newton mkavu. Weka dunia iliyofunikwa na maji pande zote, bila bara, bila mwamba, bila ghuba, ukokotoe maji yapande na kushuka kiasi gani. Utapata chini ya mita 1, hata mwezi na jua vikisaidiana. Kisha nenda Kilindini siku ya bamvua ukapime: zaidi ya mita 3. Siku hiyo maji yakipwa Diani, unakwenda kwa miguu hadi karibu na mwamba, na saa sita baadaye pale ulipokanyaga inapita ngalawa.

Je, tumtangaze Newton mwongo? Tubuni mvutano maalumu wa Kaunti ya Kwale? La. Kanuni ilikuwepo, iliyokosekana ni bahari yenyewe: umbo la sakafu yake, mabara yanayoizuia, maji yanayoyumba kama kwenye beseni lililosukumwa. Laplace alilionyesha hilo karne ya 18 kwa mvutano ule ule wa Newton.

Na sasa geuza upande wa pili, ambao watu huusahau. Jedwali la kupwa na kujaa linalotumiwa na mabaharia wa Mombasa linapatia vizuri. Je, linathibitisha Newton? Nalo halithibitishi! Jedwali hilo huchukua vipindi vya mwezi na jua kutoka elimu ya falaki, lakini ukubwa wa kila wimbi na kuchelewa kwake havikokotolewi kutoka kwenye kanuni ya mvutano. Hupimwa bandarini pale pale, kisha huingizwa kwenye hesabu. Kama mvutano ungekuwa tofauti kidogo na tunavyodhani, tofauti hiyo ingemezwa na vipimo, na jedwali lingeendelea kupatia kama kawaida.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na vichwa vya habari. Mwigo unaokosea hauna maana kwamba kanuni ya mvutano imekosea, na mwigo unaopatia hauna maana kwamba kanuni ni sahihi. Kabla ya kusema nani kashinda, sharti ujue kipi kiliingizwa na kipi kilitoka chenyewe.

Katika galaksi, sakafu ya bahari ni gesi, nyota zinazolipuka na mashimo meusi. Mwaka 1999 miigo ya maada nyeusi ilionyesha kwamba galaksi kama yetu inapaswa kuzungukwa na galaksi ndogo nyingi mno kuliko zinazoonekana. Wapinzani wakashangilia. Mwaka 2005 ukaja mwigo maarufu wa Millennium, wenye nukta zaidi ya bilioni 10, na ndani yake hamna gesi hata chembe; ni maada nyeusi tupu. Ilipoanza kutiwa gesi na milipuko ya nyota, ilibainika kwamba milipuko hupuliza gesi nje ya galaksi ndogo, nyota hazizaliwi, na galaksi inabaki gizani bila kuonekana. Tatizo likapungua sana. Ni bahari ya Kilindini ile ile.

Ila kuna bei. Mlipuko wa nyota moja ni kitu kidogo mno kwa mwigo wa ulimwengu. Nukta moja tu ina uzito wa nyota mamilioni. Hivyo waandishi wa programu huweka mapishi: gesi ikifika msongamano huu, geuza sehemu kadhaa iwe nyota, nyota zikiwa kadhaa, rudisha joto kiasi hiki. Viwango vya mapishi hayo hurekebishwa mpaka galaksi zinazotoka zifanane na za mbinguni. Waliotengeneza mwigo wa EAGLE, uliotoka mwaka 2015, walisema wazi kwamba walirekebisha ili idadi na ukubwa wa galaksi ulingane na uliopimwa. Hao nawavulia kofia. Wamekwambia: hiki tulikiingiza, usije ukatusifu kwa hicho. Mkosa ni yule anayechukua picha nzuri, zambarau na dhahabu, na kuandika chini yake kwamba maada nyeusi imethibitishwa.

Na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mapishi hayo yamepikwa kwa miongo ndani ya chungu kimoja, chungu cha mvutano wa Einstein pamoja na maada nyeusi. Nadharia mbadala zikija, hupewa mojawapo ya mambo mawili. Ama mwigo bila gesi, yaani Newton mkavu bila bahari, ama mapishi yaliyorekebishwa kwa ajili ya mwenzake. Mwaka 2019 kikundi cha Durham, Uingereza, kilitoa miigo kamili ya galaksi, gesi na mashimo meusi yakiwemo, ndani ya moja ya nadharia hizo, ile ya Hu na Sawicki ya mwaka 2007. Galaksi za duara zenye mikono zikazaliwa humo pia. Kazi nzuri sana, na mapishi waliyotumia ni ya IllustrisTNG, yaliyonolewa katika mvutano wa kawaida. Siwalaumu, mtu huanza na alicho nacho. Lakini hesabu mwenyewe miigo mikubwa ya upande mmoja, halafu hesabu ya upande wa pili, uone kama tunaweza kusema "miigo imeikataa nadharia hii" kwa uso mkavu.

Mtu atasema: basi kwa nini wasibadilishe tu kanuni ndani ya programu? Mstari mmoja wa msimbo, ubadilishe, uendeshe upya!

Kuna kijana wa Msambweni, yuko chuoni, aliyefanya hivyo hasa. Alinitumia video na ujumbe: "Kaka, MOND imekufa, nimeiua mwenyewe." Galaksi yake ilikuwa inazunguka vizuri, mara ikaanza kusogea yenyewe upande wa kulia, ikatoka nje ya skrini, kwaheri. Nikamwomba msimbo. Alikuwa na kitovu kizito na nukta nyepesi nyingi, na kila jozi ameipa fomula ya Milgrom badala ya Newton. Sasa piga hesabu: kwa fomula hiyo, nguvu ambayo mzito anamvuta nayo mwepesi hailingani na ile ambayo mwepesi anamvuta nayo mzito. Jozi inajisukuma yenyewe, kama mtu aliyekaa ndani ya ngalawa akaivuta kamba ya ngalawa hiyo hiyo na ikaenda! Kasoro hiyo ilionyeshwa na James Felten mwaka 1984, na mwaka huo huo Jacob Bekenstein na Milgrom wakaiandika upya nadharia ili mwendo usipotee wala kuzuka. Kijana hakuiua MOND. Aliua fomula ya kwanza, ambayo ilikwisha kuzikwa kabla hajazaliwa. (Nilimwambia hivyo. Alinuna siku mbili.)

Ugumu wenyewe uko hapa, na mwandishi wa programu anauelewa haraka. Kwa Newton, mvuto unajumlishwa: ukiongeza galaksi ya tatu, unaongeza mvuto wake juu ya uliokuwepo, basi. Ndiyo sababu tuna njia za mkato. Nukta 10,000 zina jozi karibu milioni 50 za kukokotoa kila hatua, lakini kwa mbinu za matawi au za Fourier kazi hiyo hupungua kabisa. Katika toleo lile la mwaka 1984 mvuto haujumlishwi. Galaksi ndogo hutenda tofauti kwa sababu tu imekaa karibu na kubwa. Njia ya mkato ya Fourier inakufa, inabidi ukisie jibu kwenye gridi nzima, usahihishe, ukisie tena, mpaka litulie, kisha ndipo upige hatua moja. Mwaka 2010 Milgrom alitoa toleo jepesi zaidi kwa hesabu, na mwaka 2015 ikatoka programu iitwayo Phantom of RAMSES inayolitumia. Kabla ya hapo aliyetaka kuipima MOND ipasavyo mara nyingi alilazimika kwanza kuandika zana mwenyewe. Wakati huo huo, upande wa pili ulikuwa na programu zilizokomaa, wataalamu wa kuzitunza, na saa za kompyuta kuu.

Saa hizo hugawiwa na kamati. Kamati huuliza: nadharia hii ina matokeo gani? Haina, kwa sababu haijapata saa. Basi haipati saa. Unaliona duara?

Halafu kuna suala la msimbo wenyewe. GADGET, programu ya Volker Springel iliyoendesha miigo mingi mno ya fani hii, toleo la 2 liliwekwa hadharani mwaka 2005. Toleo la 4 likawekwa hadharani pia, karibu miaka 15 baadaye. Na la 3? Halikutolewa rasmi hata siku moja. Lilipita mkono kwa mkono, ukimjua mtu unapewa, na makala chungu nzima zikaandikwa juu yake. Mimi nikimkabidhi mwenye duka mfumo wa hesabu nikamwambia "jumla ni hii, lakini jinsi nilivyojumlisha siwezi kukuonyesha", atanifukuza na haki yake.

Nisije nikaonekana wakili wa MOND. Siyo. Ukinishikia kisu nichague, nitasema maada nyeusi ina uzito zaidi, na sababu mojawapo ilitoka pwani hii hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya elimu ya anga ya eksirei, na ilionyesha kwamba makundi ya galaksi yanang'aa kwa eksirei kwa upana mkubwa. Baadaye ilithibitika kuwa ni gesi ya joto la mamilioni ya digrii, na uzito wa gesi hiyo unapita uzito wa nyota zote za kundi. Sasa wapenzi wa MOND, ambayo inapatia vizuri mno kwenye mzunguko wa galaksi moja moja, wakifika kwenye makundi hayo hujikuta, hata wakihesabu gesi yote, bado wanahitaji maada takriban mara mbili ya inayoonekana. Yaani wanahitaji maada isiyoonekana. Hilo linatoka kwenye vipimo na hesabu ya moja kwa moja, na hakuna mwigo mzuri wa kulifunika. Wanaolificha nao ni wale wale wa ramli.

Kuna ugomvi mwingine unaoonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kusema mawili kwa kinywa kimoja. Nyota pacha zilizoachana mbali sana huvutana kwa nguvu dhaifu kiasi kwamba MOND, kama ni kweli, ingeonekana hapo. Setilaiti ya Gaia ilitoa vipimo vya nyota hizo mwaka 2022. Mwaka 2023 Kyu-Hyun Chae wa Korea Kusini akatangaza kuwa ameona mvutano wa ziada. Haukupita muda Indranil Banik na wenzake, na Banik mwenyewe ameifanyia MOND kazi kwa miaka, wakatumia Gaia hiyo hiyo na kusema hakuna chochote, Newton yuko salama. Anga moja, data moja! Tofauti kubwa iko kwenye namna ya kushughulikia nyota ya tatu iliyojificha karibu na mojawapo ya pacha, ambayo huongeza mwendo na kukudanganya. Nani anachuja vipi, nani anadhani zimejificha ngapi. Aliyesoma kichwa cha habari tu hawezi kuona hilo. Aliyefungua msimbo analiona.

Kwamba nadharia za mvutano haziwezi kupimwa kabisa, hilo sikubaliani nalo. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano kutoka nyota mbili za nyutroni zilizogongana yalifika duniani, na sekunde 1.7 baadaye ikafika mionzi ya gama, baada ya safari ya miaka takriban milioni 130. Vimesafiri umbali huo vikaachana kwa muda wa kupiga chafya. Kila nadharia iliyosema mvutano husafiri kwa kasi tofauti na mwanga ililala siku hiyo, zikiwemo zile zilizokuwa na wafuasi wengi. Hakukuwa na mapishi wala kigezo cha kukaza au kulegeza. Na ona: mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik wakatoa nadharia ya ukoo wa MOND inayouheshimu mwendo huo na kulingana pia na mwanga wa kale wa ulimwengu. Hiyo ndiyo njia ya kupokea kipigo. Sasa nayo isubiri miigo, kama itapewa zamu.

Hata miigo yenyewe inaweza kufanywa kwa adabu. Mwaka 2015 Hans Winther na wenzake walichukua programu kadhaa tofauti za mvutano mbadala, zilizoandikwa na vikundi tofauti, wakazipa hali moja ya mwanzo na nadharia zile zile, kisha wakalinganisha. Katika swali la mvutano mpya unaongeza msongamano kiasi gani ukilinganisha na wa kawaida, zikapatana kwa tofauti ya karibu asilimia 1 kwa vipimo vingi. Kazi hiyo haina picha ya zambarau na wala hukuiona kwenye simu yako. Lakini bila hiyo, zingine zote ni hadithi.

"Yanatuhusu nini haya sisi wa Kwale?" Swali hili huulizwa na watu ninaowaheshimu, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Kwanza, mwenye moja ya mawazo makubwa ya mvutano mbadala ni wa bara hili. Mwaka 2004 Amanda Weltman wa Afrika Kusini, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Cape Town, aliandika pamoja na Justin Khoury wazo la kinyonga: uga unaojificha mahali penye maada nyingi na kujitokeza penye utupu, ndiyo maana hatuuoni tukipima hapa duniani. Nadharia ile waliyoiga watu wa Durham hujificha kwa mbinu hiyo hiyo. Kenya nayo iliorodheshwa miongoni mwa nchi 8 washirika wa Afrika katika mradi wa darubini ya redio ya SKA. Vijana wetu watagusa data hiyo. Watakuja kama watu wa kusukuma kitufe cha programu ya mwingine, au kama watu wa kuifungua?

Pili, tabia ya kuamini mwigo haibaki angani. Pale Gazi na Makongeni mradi wa Mikoko Pamoja, ulioidhinishwa mwaka 2013, unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na fedha zinakwenda kwenye maji na shule. Kiasi cha hewa hiyo ni makadirio. Hakuna aliyeipima kwenye mizani. Ila chini yake kuna miti iliyopimwa kwa mikono, shina kwa shina, na watu wa kijijini wanajua ni miti ipi. Siku mtu akija na skrini akisema hesabu imebadilika, wana la kumuuliza. Mwanafunzi aliyezoea kukubali "kompyuta imethibitisha" kuhusu galaksi hatakuwa na la kuuliza siku hiyo.

Kwa hiyo mkinitumia habari nyingine ya namna hii, na najua mtanituma, tumeni na majibu ya maswali haya. Msimbo uko wapi? Vigezo vilivyorekebishwa ni vingapi, na vilirekebishwa kulingana na nini? Nadharia iliyoshindwa ilipewa gesi na mapishi yake yenyewe, au ilivalishwa nguo za mwenzake? Na miigo iliyokataa kutoa walichotaka, waliitupa wapi?

Kijana wa Msambweni amepoa, na safari hii anataka kuifanya sawasawa. RAMSES na nyongeza yake ya Phantom hupatikana bure, imeandikwa kwa Fotrani (ndiyo, Fotrani, msicheke), na inakubali kukompailiwa kwa gfortran kwenye Linux ya kawaida. Galaksi moja iliyo peke yake, gridi isiyo na pupa, kipakatalishi kinaimudu ukikiacha usiku kucha na feni inayovuma. Aanze na Newton pamoja na maada nyeusi, kisha MOND bila hiyo maada, nyota zile zile na gesi ile ile mwanzoni. Akikwama kwenye MPI nimemwambia apite Ukunda Jumamosi. Wengine nanyi mkitaka kujaribu niandikieni, nitawapa faili langu la usanidi kama lilivyo, na vigezo vyote nimeandika pembeni kwa nini nimeviweka hivyo.